Maswali ya Wasomaji: Kumbukumbu za Ajali za Ujenzi na Namna ya Kuzitoa kwenye Mfumo

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimegusa jambo moja. Kampuni za ujenzi zimehamisha daftari la matukio ya kila siku kutoka kwenye karatasi hadi kwenye mifumo ya kompyuta, na sasa maofisa usalama, wahandisi na waandishi wa programu wanataka kuzitoa humo kumbukumbu za ajali kwa kutumia kiolesura cha programu, yaani njia ya programu moja kuomba data kutoka kwa nyingine, ambacho mafundi wengi hukiita API tu, badala ya kufungua ukurasa mmoja mmoja na kunakili kwa mkono. Tumechagua barua chache na kuzifupisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni ofisa usalama. Kijana wetu wa kompyuta ameandika programu ndogo inayoomba kumbukumbu za ajali za mradi mmoja. Mfumo unajibu bila kulalamika, kwa msimbo 200, lakini orodha inayorudi ni tupu. Mwezi uliopita fundi alianguka kutoka kwenye jukwaa, na ajali hiyo iliingizwa kwenye mfumo, niliiona mwenyewe. Je, kumbukumbu imepotea?

JIBU: Haielekei kwamba imepotea. Msimbo 200 unaeleza tu kwamba seva, yaani kompyuta inayotunza data na kujibu maombi, imelipokea ombi, imelielewa na imelitekeleza. Hauelezi kwamba ombi lenyewe liliuliza kile ulichokusudia kuuliza. Orodha tupu ni jibu halali kabisa kwa swali lisilo na majibu, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kosa linalojitangaza hurekebishwa siku hiyohiyo, ilhali orodha tupu hupelekwa kwenye taarifa ya mwezi na kusomwa na wakubwa kama habari njema.

Anza na tarehe. Mifumo mingi huhifadhi ajali ndani ya daftari la kila siku, pamoja na hali ya hewa, idadi ya wafanyakazi waliofika na vifaa vilivyopokelewa, kwa hiyo kila kumbukumbu imefungwa kwenye siku yake. Ombi lisipotaja tarehe yoyote, baadhi ya mifumo huchukulia kwamba mwombaji anataka za leo peke yake. Kijana wako akiomba leo bila kutaja kipindi, na leo hakuna aliyeumia, atapata orodha tupu, na mfumo utakuwa haujakosea hata kidogo. Ataje tarehe ya kuanzia na ya kumalizia kila mara, hata pale mwongozo unaposema kwamba si lazima, na ahakikishe kama siku ya mwisho inahesabiwa ndani ya kipindi au inaachwa nje.

Tarehe zikiwa sawa na orodha bado ni tupu, angalia hali ya kumbukumbu yenyewe. Msimamizi wa eneo anapoingiza ajali, mara nyingi huingia kama kumbukumbu inayosubiri idhini, na mpaka mhandisi au meneja wa mradi aidhinishe, haitoki kwa mtu aliyeomba orodha ya kawaida. Wewe uliiona kwa sababu uliingia kwa jina lako lenye mamlaka. Programu imeomba zilizoidhinishwa pekee. Huwa kuna kigezo cha kuomba na zile zinazosubiri, na kwa kazi ya usalama tunashauri kitumike kila siku, kwa kuwa ajali ambayo karatasi zake hazijakamilika ndiyo hasa unayopaswa kuijua mapema.

Halafu kuna ruhusa. Programu huingia kwenye mfumo kwa akaunti yake, na akaunti hiyo inaweza kuwa imeruhusiwa kuona mradi bila kuruhusiwa kuona ajali zake. Mfumo uliotengenezwa vizuri ungejibu kwa msimbo 403, maana yake ninakufahamu lakini huruhusiwi. Lakini iko mifumo inayojibu 404 kana kwamba kitu hakipo, ili mgeni asijue hata kama kipo, na iko inayochuja kimyakimya na kurudisha yale tu yanayoonekana kwa akaunti hiyo. Aina hii ya mwisho ndiyo inayofanana na hali yako.

Sababu nyingine ni ya kiofisi kuliko ya kiufundi. Mifumo mikubwa huwa na mahali pawili pa kuandika ajali: sehemu fupi ndani ya daftari la siku, ambapo huandikwa muda, jina la aliyehusika, kampuni yake na maelezo machache, na sehemu kamili ya uchunguzi wa matukio, yenye aina ya jeraha, kiungo kilichoumia, mashahidi na hatua zilizochukuliwa. Kila sehemu ina anwani yake ya maombi, na mara nyingi kuandika upande mmoja hakuandiki upande wa pili. Muulize msimamizi aliyeiingiza ajali ile ya jukwaa alibonyeza wapi.

Njia fupi ya kutatua yote haya ni kuanza na ajali unayoijua. Chukua ile ya mwezi uliopita, omba tarehe yake moja tu, kwa mradi wake, pamoja na zinazosubiri idhini. Isipotokea, badilisha kigezo kimoja kwa wakati hadi itokee, na ikishatokea utakuwa umejua ni kipi kilichoificha. Baada ya hapo, programu isiruhusiwe kamwe kuandika kwamba hakuna ajali. Iandike kwamba kumbukumbu zilizopatikana ni 0, kwa mradi fulani, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, zilizoidhinishwa na zisizoidhinishwa. Sentensi hiyo ni ndefu, lakini anayeisoma anaweza kuigundua kasoro yake.

SWALI: Kila nikiomba kumbukumbu za miaka yote ya mradi wetu napata 100 kamili. Nikipunguza kipindi, idadi inapungua, nikikiongeza, haipandi. Je, mfumo una kikomo?

JIBU: Idadi kamili ya mviringo, kama 100, 50 au 20, inapojirudia bila kubadilika, karibu kila mara ni ukubwa wa ukurasa mmoja. Seva hugawa majibu kwa kurasa ili ombi moja lisiielemee, na wewe umesoma ukurasa wa kwanza tu. Kama kumbukumbu ni 340 na ukurasa hubeba 100, itakubidi uombe kurasa nne, wa mwisho ukiwa na 40.

Namna ya kujua kama kuna ukurasa unaofuata hutofautiana. Baadhi ya mifumo huweka kiungo cha ukurasa unaofuata kwenye vichwa vya jibu, yaani zile taarifa zinazotangulia data yenyewe, na hapo ni heri kufuata kiungo hicho kama kilivyo kuliko kujitungia namba ya ukurasa. Mingine hutaja jumla ya kumbukumbu zote. Jumla hiyo ikiwepo, ilinganishe na idadi uliyoihifadhi mwishoni mwa kazi, na programu ikatae kuendelea zisipolingana.

Jambo moja ambalo miongozo mingi hulipita haraka: orodha inaweza kusogea ukiwa katikati ya kuisoma. Tuseme kumbukumbu zimepangwa kuanzia mpya kabisa, nawe umemaliza ukurasa wa kwanza, kisha mtu kwenye eneo la ujenzi akaingiza ajali mpya. Kila kumbukumbu inasukumwa nafasi moja chini, na ile iliyokuwa ya 100 inakuwa ya 101, kwa hiyo utaikuta tena kwenye ukurasa wa pili. Hiyo ni afadhali, maana kila kumbukumbu ina namba yake ya utambulisho na utaweza kuondoa iliyojirudia. Kibaya ni kinyume chake: kumbukumbu moja ya ukurasa uliokwisha kusomwa ikifutwa, zilizobaki hupanda, na moja itavuka mpaka wa ukurasa bila wewe kuiona. Omba zipangwe kuanzia ya zamani zaidi ikiwa mfumo unaruhusu, au gawa kipindi katika vipande vidogo vya mwezi mmoja mmoja ambavyo kila kimoja hutosha ukurasa mmoja.

SWALI: Ajali za zamu ya usiku zinaonekana kwenye tarehe ya siku iliyotangulia, na nyingine zinaonyesha muda ambao hakukuwa na mtu kazini. Tatizo liko kwenye mfumo au kwetu?

JIBU: Kwa maelezo uliyotupa, haya ni matatizo mawili yaliyokutana.

La kwanza ni la saa za dunia. Seva nyingi huhifadhi wakati kwa kipimo cha UTC, yaani saa ya kimataifa ambayo saa za nchi zote hupimwa kwayo, na huuandika kwa mtindo wa RFC 3339 wa mwaka 2002, uliotokana na kiwango cha ISO 8601: mwaka, mwezi, siku, herufi T, muda, kisha tofauti na UTC. Ajali iliyotokea saa 7:30 usiku, yaani 01:30 kwenye saa ya kompyuta, mahali palipo saa tatu mbele ya UTC, itahifadhiwa kama 22:30 ya siku iliyotangulia. Programu inayokata herufi 10 za kwanza ili kupata tarehe, na tumeona nyingi zinazofanya hivyo, itaipeleka ajali hiyo jana. Badilisha wakati kwanza uwe wa mahali mradi ulipo, si wa mahali kompyuta yako ilipo, kisha ndipo utoe tarehe. Kampuni yenye miradi katika nchi kadhaa haiwezi kutumia tofauti moja kwa yote.

Angalia pia ni wakati upi unaousoma. Kumbukumbu moja huwa na tarehe ya daftari, muda wa tukio, muda ilipoingizwa na muda iliporekebishwa mara ya mwisho. Muda wa kuingizwa hauna uhusiano wowote na muda wa kuumia. Msimamizi anaweza kumpeleka majeruhi hospitali na kuandika kesho yake asubuhi.

La pili liko kwenye mikono ya waandikaji. Katika mifumo kadhaa, muda wa ajali haujazwi kama wakati mmoja bali kama namba mbili, saa na dakika, na saa ni kuanzia 0 hadi 23. Msimamizi aliyezoea kuhesabu saa zetu akiandika 2 kwa ajali ya saa mbili asubuhi, mfumo utaelewa ni saa nane za usiku, na mashine haitakuwa na njia ya kujua. Linganisha muda wa kila ajali na saa za zamu, na zile zinazoangukia nje ya zamu zirudishwe kwa aliyeandika azithibitishe. Usizirekebishe kwa kuongeza sita kwa mkupuo, kwa sababu miongoni mwake zipo zilizoandikwa sawasawa, na kumbukumbu ya ajali ni ushahidi ambao huenda ukasomwa mbele ya mkaguzi au mahakamani.

SWALI: Tulitoa kumbukumbu za robo ya kwanza tukapata ajali 14. Miezi miwili baadaye tumetoa za robo ileile tukapata 16, na mbili kati ya zile za awali maelezo yake yamebadilika. Tuamini ipi?

JIBU: Zote mbili ni za kweli kwa siku zilizotolewa. Kumbukumbu za ajali huendelea kukua baada ya tukio: jeraha lililoandikwa kuwa la huduma ya kwanza hugeuka kuwa la kulazwa, ajali iliyochelewa kuripotiwa na mkandarasi mdogo huingizwa kwa tarehe ya nyuma, na idhini hutolewa kwa zile zilizokuwa zikisubiri. Programu inayoomba za jana pekee kila usiku itayakosa mabadiliko haya yote.

Tiba yake ni kuomba kwa muda wa marekebisho badala ya tarehe ya tukio, pale mfumo unapokubali: nipe kila kilichobadilika tangu mara ya mwisho nilipouliza. Usipokubali, soma upya kipindi kirefu, tuseme siku 90 za nyuma, kila usiku. Kwa idadi za ajali za mradi wa kawaida mzigo huo ni mdogo. Kumbukumbu iliyofutwa ni ngumu zaidi, kwa kuwa haitarudi kwenye orodha yoyote kusema kwamba imefutwa, isipokuwa kwenye mifumo inayoitunza na alama ya kufutwa. Utaigundua tu kwa kulinganisha namba za utambulisho ulizonazo na zile ambazo mfumo unazo leo.

Hifadhi jibu la seva kama lilivyokuja, kwa muundo wake wa JSON, yaani maandishi yanayotaja kila sehemu na thamani yake, pamoja na saa uliyolipokea, kabla ya kuligeuza kuwa jedwali. Siku mtu atakapouliza kwa nini taarifa ya mwezi ule ilisema 14, utakuwa na cha kumwonyesha. Na taarifa yenyewe iandikwe tarehe ya kutolewa kwa data, jambo ambalo linashangaza kuona jinsi linavyosahaulika.

SWALI: Programu yetu ilifanya kazi vizuri kwa muda wa saa moja, kisha ikaanza kupata msimbo 401, na tulipoijaribu mara nyingi mfululizo ikapata 429. Tufanyeje?

JIBU: Msimbo 401 unamaanisha kwamba utambulisho wako haukubaliki tena. Mifumo mingi hutumia utaratibu wa OAuth 2.0, uliochapishwa mwaka 2012, ambapo programu hupewa tokeni, yaani kitambulisho cha kidijitali, ya muda mfupi, nayo ikiisha huombwa nyingine. Andika programu iombe tokeni mpya mara moja, irudie ombi mara moja, na ikishindwa tena isimame. Msimbo 429 ni seva ikikuambia umezidisha maombi. Soma kichwa cha jibu kiitwacho Retry-After, usubiri muda uliotajwa, na kama hakipo, ongeza muda wa kusubiri maradufu baada ya kila jaribio. Siri za kuombea tokeni zisiandikwe ndani ya programu wala kutumwa kwa barua pepe, na akaunti ya programu ipewe ruhusa ya kusoma pekee.

SWALI: Meneja wetu anataka kila ajali itokee kwenye skrini kubwa ya ofisi: jina la aliyeumia, kampuni yake na maelezo. Data yote tunayo. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, na tunashukuru kwamba umeuliza kabla ya kuwasha skrini. Kupata data kwa njia ya mfumo hakukupi haki ya kuionyesha. Jeraha la mtu ni habari ya afya yake, na sheria za nchi nyingi huiwekea ulinzi wa juu kuliko data ya kawaida. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 2018, huiweka habari ya afya katika kundi maalumu ambalo kulishughulikia kumekatazwa ila kwa sababu zilizotajwa. Nchini Marekani, ambako waajiri wengi hutakiwa kutunza rejesta ya majeraha na kuihifadhi kwa miaka mitano baada ya mwaka husika kwisha, kuna aina za majeraha na maradhi ambazo jina la mfanyakazi haliruhusiwi kuandikwa kwenye rejesta hiyo, bali hutunzwa kwenye orodha ya siri iliyo kando. Angalieni sheria inayowahusu, na mshirikisheni mwanasheria wenu kabla ya fundi wa skrini.

Kwa upande wa ufundi, tunashauri ukataji ufanyike mapema. Programu inayolisha skrini isiombe jina kabisa, ikiwa mfumo unaruhusu kuchagua sehemu za kurudisha. Ukiwa hauruhusu, jina liondolewe mara tu jibu linapofika, kabla ya kuhifadhiwa popote. Skrini inahitaji aina ya tukio, mahali, tarehe na kama kazi ilisimama. Hayo yanatosha kumfanya mpita njia aliye kazini ajihadhari.

Mtego mkubwa uko kwenye sehemu ya maelezo huru. Mtaondoa jina kwenye sehemu yake, kisha maelezo yataanza kwa kusema fulani alikuwa akipandisha nondo ghorofa ya tatu, na hata pasipo jina, kazi yake na ghorofa vinatosha kwa wenzake kumtambua. Hakuna chujio la kompyuta tunaloweza kulipendekeza kwa moyo mweupe kwa kazi hii, hasa kwa maandishi ya Kiswahili yaliyochanganywa na lugha nyingine za kazini. Maelezo huru yasiende kwenye skrini. Mtu mwenye dhamana aandike sentensi moja ya tahadhari kwa kila tukio. Picha nazo zina shida hiyohiyo, na viungo vyake mara nyingi hufunguka kwa yeyote aliyevipata, kwa muda fulani, bila kuulizwa nenosiri.

Kuna sababu nyingine, isiyo ya sheria. Vibarua wakiona majina ya wenzao ukutani, majeraha madogo hayataripotiwa tena, na programu yenu itakuwa ikisoma kwa usahihi daftari lisilo na kitu.

SWALI: Je, kwa kutumia kumbukumbu hizi pekee naweza kukokotoa kiwango cha ajali na kulinganisha miradi?

JIBU: Hapana, kwa sababu kiwango kinahitaji saa zilizofanyiwa kazi, nazo ziko kwenye anwani nyingine ya mfumo, ile ya mahudhurio au idadi ya wafanyakazi, ambayo nayo lazima isomwe kwa kipindi kilekile na kwa wakandarasi wadogo walewale. Ukishazipata, zidisha idadi ya ajali kwa kipimo chako kisha gawa kwa saa. Marekani hutumia kipimo cha saa 200,000, ambazo ni sawa na wafanyakazi 100 kwa saa 40 za wiki 50. Takwimu zinazofuata utaratibu wa Shirika la Kazi Duniani hutumia saa 1,000,000. Mradi wenye ajali 3 kwa saa 150,000 utapata 4 kwa kipimo cha kwanza na 20 kwa cha pili, kwa hiyo kipimo kitajwe kando ya kila namba. Na kama wakandarasi wadogo wameandika ajali zao lakini hawakuandika saa zao, usiuweke mradi huo kwenye jedwali la ulinganisho mpaka saa hizo zipatikane.